Busta za broila: kilichomo ndani ya pakiti, na unachoweza kutumia badala yake

Mshauri_wa_Banda

Wakuu salaam. Meseji inayoongoza kuja kwangu ni hii: "Broila wako wiki ya nne, hata kilo hawajafika, niwape busta gani?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimeona bora nifungue uzi tubishane hadharani. Kazi yangu ni lishe ya mifugo, nazunguka mabandani Pwani na Morogoro. Siuzi dawa wala chakula.

Kabla hujauliza busta gani, yaani ule unga wa kukuza kuku unaotiwa kwenye maji, geuza pakiti usome yale maandishi madogo ya nyuma. Ukikuta vitamini A, D3, E na K peke yake, sawa, hizo ni vitamini. Ukikuta na oksitetrasaiklini, doksisaiklini, tailosini, neomisini au kolistini, basi ulichoshika ni antibayotiki iliyotiwa vitamini. Kuna watu wanaichanganya kwenye maji tangu vifaranga wanashuka kwenye boksi hadi kuku wanapakiwa kwenda sokoni. Ukimuuliza anakwambia, "Mimi situmii dawa, natumia vitamini tu."

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 1948 Thomas Jukes na Robert Stokstad wa maabara ya Lederle, jimbo la New York, walikuwa wanatafuta chanzo cha bei nafuu cha vitamini B12. Wakawalisha vifaranga makapi yaliyobaki baada ya kuchachusha klorotetrasaiklini, dawa ya antibayotiki. Vifaranga wakakua kuliko B12 ilivyoweza kuwakuza. Kumbe kilichofanya kazi ni masalia ya dawa yaliyokuwa bado kwenye makapi. Habari ikatangazwa 1950, na mwaka uliofuata Marekani ikaruhusu antibayotiki kwenye chakula cha mifugo bila cheti cha daktari. Nchi nyingine zikafuata.

Sasa kwa nini dawa kidogo imnenepeshe kuku asiyeumwa? Jibu ninalolipenda lilitoka Uingereza mwaka 1963. Watafiti walilea vifaranga ndani ya vizimba visivyo na bakteria hata mmoja, wakawatilia penisilini kwenye chakula. Hakikubadilika kitu. Vifaranga wa mazingira ya kawaida waliopewa penisilini hiyohiyo wakakua zaidi. Maana yake dawa haimkuzi kuku. Inachofanya ni kupunguza bakteria wanaomsumbua chinichini bila kuonyesha ugonjwa, hasa Clostridium perfringens. Utumbo hauvimbi, ukuta wake unabaki mwembamba, na chakula kinaingia mwilini badala ya kuishia kwenye mapambano ya tumboni.

Ukilielewa hilo umeelewa biashara nzima. Busta ya antibayotiki inaonekana "kali" zaidi kwenye banda bovu zaidi. Ikikusaidia sana, ujue kuna kasoro bandani inafichwa, na unailipia kila mzunguko.

Gharama nyingine hailipwi na wewe peke yako. Dozi ndogo ya muda mrefu inaua bakteria dhaifu na kuwaacha wale wagumu wazaane. Ulaya walitumia avoparsini kukuzia kuku na nguruwe, na hiyo ni ndugu wa damu wa vankomisini, dawa ambayo hospitali huitunza kwa wagonjwa mahututi. Mwaka 1995 Denmark walipopima broila wao, karibu robo tatu ya Enterococcus faecium (bakteria wa utumboni) waliowakuta walikuwa sugu kwa vankomisini. Wakaipiga marufuku mwaka huohuo, na kufikia 2000 usugu ule ulikuwa umeshuka chini ya sehemu moja ya kumi. Kisa cha kolistini, dawa ya akiba ya mwisho kwa binadamu, kinatia wasiwasi zaidi. Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza wamekuta jeni iitwayo mcr-1 kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Jeni hiyo inaruka kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine ikiwa imebeba usugu wa kolistini. China wakaiondoa kolistini kwenye orodha ya vikuzaji, yaani dawa za kukuzia mifugo, mwaka 2017, India wakafuata 2019. Hapa kwetu niende duka lolote la dawa za mifugo leo nitaipata juu ya kaunta, na muuzaji ataniuliza tu nina kuku wangapi.

Karibuni tujadili.

Kuku_Biashara

Mkuu, somo zuri, lakini mimi naishi kwa mkopo. Wateja wangu ni wachoma kuku na baa mbili tatu, wanataka kuku mwenye nyama ndani ya wiki tano, zikizidi hapo chakula kinanila mimi. Jirani yangu anatumia busta, mimi nisipotumia anauza kabla yangu. Wazungu wameacha kwa sababu wana ruzuku. Sisi tunashindana na tumbo.

Mshauri_wa_Banda

Kuku_Biashara, hoja yako ni ya pesa, nakujibu kwa pesa.

Mwaka 2007 ilichapishwa tathmini iliyotumia takwimu za kampuni ya Perdue ya Marekani, kuku milioni 7, baadhi wakipewa vikuzaji na wengine hawapewi. Waliopewa waliongezeka kidogo, ila thamani ya nyongeza ile ilikuwa ndogo kuliko bei ya dawa. Denmark nao walipowaachisha broila wote vikuzaji mwaka 1998, kilo za kuku kwa kila mita ya mraba hazikushuka. Chakula kilichohitajika kutoa kilo moja ya kuku kiliongezeka kwa takriban gramu 16. Gramu, mkuu, siyo kilo.

Na huyo kuku anayekua haraka, ukuaji wake unatoka kwenye ukoo zaidi ya kitu kingine chochote. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitunza koo za broila za 1957 na 1978, wakazilea pamoja na broila wa 2005, chakula kilekile na banda lilelile. Siku ya 56 yule wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, wa 2005 gramu 4,202. Hakuna busta pale, ni uchaguzi wa mbegu kizazi baada ya kizazi. Kifaranga unayemnunua tayari ana uwezo huo mwilini. Swali la kujiuliza ni nani anamzuia.

Jirani yako kuuza kabla yako hakunithibitishii kwamba ni busta. Linganisha kwanza vifaranga wenu wanatoka kwa nani, wanakula nini na wanalala wangapi kwa mita.

Mama_Nuru_Mbagala

Jamani mimi si mfugaji, mimi ni mlaji. Tunaambiwa kuku wa kisasa wanachomwa homoni, ndiyo maana mabinti wanapevuka wadogo na wanaume wanaota maziwa. Wengine wanasema wanapewa zile dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Wataalamu mnasema antibayotiki tu, hayo mengine mnayaruka.

Mshauri_wa_Banda

Mama Nuru, shikamoo. Siyaruki.

Homoni kwanza. Homoni ya ukuaji ni protini. Kuku akiila, inasagwa tumboni sawa na dagaa. Ili ifanye kazi ingebidi kila kuku adungwe sindano tena na tena, na mwenye kuku elfu mbili hawezi kuajiri watu wa kazi hiyo akabaki na faida. Homoni za jinsia ndizo zinazoweza kupita, na kweli ziliwahi kutumika kwa kuku. Marekani walikuwa wanapandikiza DES, homoni ya kike ya kutengenezwa, kwa majogoo hadi ilipozuiwa kwa kuku mwaka 1959. Leo hilo halipo kwenye ufugaji wa broila, na kwa kuku anayeuzwa na wiki tano halina hata maana, maana hajafika umri wa kuitumia.

Kwa ng'ombe ni habari nyingine. Marekani wanaruhusu kidonge kidogo kupandikizwa chini ya ngozi ya sikio la ng'ombe wa kunenepesha, chenye estradioli, testosteroni, projesteroni, trenboloni au zeranoli. Ulaya walikataza nyama hiyo tangu 1989, wakashtakiana hadi Shirika la Biashara Duniani. Hadi leo nyama ya homoni haiingii Ulaya.

Mabinti kupevuka mapema kuna uhusiano ulio wazi zaidi na uzito na lishe ya watoto wetu wa siku hizi, chips na soda zikiwemo. Kuku anasingiziwa.

Hilo la ARV, kwa masikitiko, si uzushi mtupu. Uganda mwaka 2023 mamlaka yao ya dawa iliwaeleza wabunge kwamba ilifahamu tangu 2014 kuwa kuna wafugaji wanawapa nguruwe na kuku dawa hizo, wakitaka kuzuia homa ya nguruwe na kideri. Dawa hizo hazikuzi wala hazitibu kideri. Ila zinabaki kwenye nyama, na zimechukuliwa kutoka kwa mgonjwa aliyezihitaji.

Mama_Nuru_Mbagala

Marahaba mwanangu. Kwa hiyo kuku nile nisile?

Mshauri_wa_Banda

Kula mama. Ukiweza kumjua mfugaji, muulize aliacha dawa lini kabla ya kuuza. Kila dawa ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti, na kupika hakuondoi mabaki yote. Mfugaji anayejua jibu bila kutafuta maneno ndiye wa kununua kwake.

Maabara_Usiku

Nachangia kidogo. Nipo maabara ya hospitali, naotesha vijidudu kutoka kwenye mikojo na vidonda. E. coli akija, tetrasaiklini siku hizi naipima kwa utaratibu tu, mara nyingi najua itashindwa kabla sijasoma sahani. Siwezi kusema yametoka kwa kuku yote. Sisi binadamu nasi tunakula amoksilini kama karanga. Lakini ninyi mnaosema "dozi ndogo haina madhara", dozi ndogo ndiyo shule ya hawa wadudu. Wizara wanaita UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Mabango yapo mpaka vyooni, wasomaji ndio hawapo.

Kiambu_Poultry

Salamu kutoka hapa Kiambu. Mimi niliachana na hizo za agroveti kitambo. Natumia mlonge, kitunguu saumu, mwarobaini na pilipili. Natwanga, naloweka usiku, asubuhi naweka kwa maji. Kuku wako sawa na gharama imeshuka. Mbona mtu asumbuke na mambo ya probayotiki, hizo bakteria wazuri za kununua, za kutoka ng'ambo na shamba limejaa dawa?

Mshauri_wa_Banda

Ndugu wa Kiambu, karibu. Kwenye mitishamba tusiwe washabiki wala tusiwe wapingaji.

Ulaya walipofunga mlango wa vikuzaji vya antibayotiki tarehe 1 Januari 2006, viwanda vya chakula vilikimbilia mimea. Zaatari, oregano, mdalasini na kitunguu saumu vina mafuta yanayozuia bakteria, na vile viini vya oregano na zaatari, kavakroli na thimoli, vimepimwa sana. Kwa hiyo wazo lako lina miguu. Shida ni kipimo. Kiwandani wanajua kila kilo ya unga ina kavakroli kiasi gani. Kitunguu chako cha leo na cha mwezi ujao havilingani, na kilicholowekwa usiku kucha hakilingani na kilichotwangwa sasa hivi. Siku kikikusaidia hujui kwa nini, siku kikigoma hujui pia.

Mlonge ni chakula zaidi ya dawa. Majani makavu yana protini kama robo ya uzito wake, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Ila broila si mbuzi, nyuzinyuzi zinamshinda. Kwenye mchanganyiko wa chakula baki chini ya asilimia 5. Nimeona watu wanaweka ndoo nzima, kisha wanalalamika kuku wana kinyesi cha kijani na hawaongezeki. Kwa leya na kuku wa kienyeji unaweza kuwa mkarimu kidogo, na kiini cha yai kinapata rangi.

Mwarobaini punguza mkono. Mchungu wake unawafanya wanywe maji kidogo, na kuku asiyekunywa hali. Kitunguu saumu kikizidi, nyama na mayai vinanukia. Mchoma kuku anaweza kukushukuru, mwenye mgahawa wa keki hapana.

Kiambu_Poultry

Hiyo ya mwarobaini kweli, wanakunywa wakikunja sura. Nitapunguza.

Punda_wa_Dodoma

Wakuu naomba kuuliza nje kidogo ya kuku. Kuna jamaa hapa alibakiwa na chakula cha broila, anataka kukiuza rahisi kwa sisi wenye punda na ng'ombe wa kunenepesha. Anasema kina vikuzaji, punda atajaa mgongo. Nichukue?

Mshauri_wa_Banda

USICHUKUE KWA AJILI YA PUNDA. Naandika kwa herufi kubwa kwa makusudi.

Vyakula vingi vya broila vinawekwa dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vinavyochubua utumbo wa kuku), kama monensini, salinomisini au narasini. Kwa kuku, kipimo cha monensini kinachoua nusu yao ni miligramu 200 hivi kwa kila kilo ya uzito. Farasi anakufa kwa miligramu 2 au 3, na punda ni ukoo huohuo. Inashika misuli ya moyo. Dawa ya kumwokoa haipo. Bata mzinga naye hawezi salinomisini. Na wenye kuku mkumbuke, chakula chenye dawa hizi ukichanganya na tiamulini kwenye maji unaweza kuua kuku wako mwenyewe, kwa sababu tiamulini inazuia mwili kuitoa ile dawa nyingine.

Kwa ng'ombe monensini ni kikuzaji kweli. Inabadilisha uchachukaji tumboni, ng'ombe anapata nguvu zaidi kwa majani yaleyale na anatoa gesi kidogo. Marekani bado wanaitumia kwa sababu haitumiki kutibu binadamu. Ulaya waliifuta kama kikuzaji mwaka 2006 lakini kwa kuku wakaiacha kama kinga ya koksidia. Hata hivyo ng'ombe hupimiwa kwa kiwango chake mwenyewe, huwezi kubahatisha kwa gunia la broila. Ng'ombe wa kunenepesha Dodoma ana tatizo kubwa kuliko hilo. Anakula mabua makavu yasiyo na protini. Mpe mashudu ya alizeti au ya pamba, molasesi, jiwe la chumvi na maji ya kutosha, mpige dawa ya minyoo. Utaona mgongo unajaa bila kumtafutia kikuzaji.

Punda_wa_Dodoma

Duh. Punda wangu ndiye anayebeba maji ya nyumba nzima. Asante sana mkuu, naenda kumwambia na jirani.

Kitimoto_Arusha

Wa nguruwe mmetusahau. Watoto wakiachishwa kunyonya wanaharisha wiki nzima, tukiwawekea kolistini wanatulia. Mkiniambia niache, niambieni na cha kufanya.

Mshauri_wa_Banda

Hapo umegusa sehemu ngumu kuliko zote, na sitakudanganya kwamba ni rahisi. Denmark walipoacha vikuzaji kwa watoto wa nguruwe, mwishoni mwa 1999, kuharisha kuliongezeka na matumizi ya dawa za kutibu yakapanda. Wengi wakakimbilia oksidi ya zinki kwa kiwango kikubwa. Inasaidia kweli, lakini zinki inaishia kwenye samadi na udongo na yenyewe inalea bakteria sugu. Umoja wa Ulaya wakaikataza kwa viwango hivyo Juni 2022. Uholanzi nao baada ya 2006 waliondoa jina "kikuzaji" tu, dawa zikaendelea kuandikwa kama tiba, hadi walipoanza kuhesabu matumizi ya kila shamba. Kati ya 2009 na 2012 mauzo yakashuka kwa karibu nusu.

Kilichosaidia ni mambo ya zizi. Usiachishe kabla ya wiki nne, na kama huna haraka ngoja tano. Waanzishie chakula kigumu wakiwa bado wananyonya, kidogo kidogo. Siku ya kuachisha muondoe mama, watoto wabaki kwenye chumba chao, wasipate mapigo mawili kwa siku moja. Punguza protini kwenye chakula cha wiki za kwanza. Protini isiyosagwa ndiyo chakula cha bakteria wa kuharisha. Sakafu iwe kavu na yenye joto. Asidi ya fomiki au ya sitriki kwenye chakula inasaidia, kwa kuwa tumbo la nguruwe mchanga bado halitoi asidi ya kutosha. Wakiumwa kweli, daktari apime, atibu kwa dozi kamili. Kutibu sijakataza mahali popote kwenye uzi huu.

Kuku_Biashara

Sawa, nimeelewa historia ya dunia nzima sasa. Turudi bandani. Nina vifaranga 500 wanaingia wiki ijayo. Nifanye nini hatua kwa hatua bila busta? Na usiniambie "usafi" tu, kila mtaalamu anasema usafi.

Mshauri_wa_Banda

Haya, bila neno usafi.

Washa joto mapema, kabla vifaranga hawajafika, upime pale kwenye maranda, siyo kwenye hewa juu ya kichwa chako. Unataka nyuzi 32 hadi 34, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Usiku wa kwanza shika vifaranga kadhaa, upapase gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Kesho yake asubuhi karibu wote wawe na gole lililojaa na laini. Ukikuta wengi wana gole tupu, tayari umepoteza uzito ambao hakuna busta itaurudisha. Sababu ni baridi, au vyombo viko mbali, au mwanga mdogo. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi na sijui kwa nini hakifundishwi kwanza.

Maranda: chukua fumba, minya. Ukifungua kiganja na yakabaki donge, yamelowa. Maranda yaliyolowa ndipo koksidia wanakomaa, na koksidia akishachubua utumbo, Clostridium anaingia. Ndiyo ile kasoro niliyosema busta inaificha. Inua vyombo vya maji vilingane na mgongo wa kuku, na usizidishe kuku 10 kwa mita ya mraba.

Chakula ndipo pesa yako inapoibwa. Kama unachanganya mwenyewe, nakuuliza matatu. Soya unaikaanga? Soya mbichi ina kitu kinachozuia kimeng'enya cha kusaga protini, na kuku atakula sana bila kukua. Ikaange mpaka iive, usiiunguze, maana ikiungua laisini, kijenzi cha protini, inaharibika. Pili, mahindi yako yalikaushwa vipi? Sumukuvu haionekani kwa macho kila mara. Inadumaza kuku, inaharibu ini na kuvunja kinga, kiasi kwamba hata chanjo ya kideri haishiki vizuri. Punje zilizovunda na vumbi la chini ya gunia usizipe kuku kwa kuona huruma ya hela. Tatu, dagaa zako ni dagaa au ni mchanga? Koroga kiganja kimoja kwenye glasi ya maji uone kinachobaki chini. Halafu ongeza methionini (nayo ni kijenzi cha protini) na laisini za dukani. Watu wananunua busta ya bei kubwa wakiacha methionini, ambayo ndiyo broila wa mahindi na soya anaikosa kwanza.

Chanjo za gumboro na kideri kwa ratiba ya daktari wa eneo lako. Kuku aliyechanjwa hahitaji "kinga" ya oksitetrasaiklini, ambayo isitoshe haigusi virusi.

Ukishamaliza hayo ndipo tuzungumze virutubisho mbadala. Kimoja baada ya kingine, ili ujue kipi kimekulipa.

Probayotiki ina maana zaidi siku za kwanza. Kifaranga wa mashine hajawahi kukutana na mama yake. Wa kienyeji anadonoa alipopita mama, tumbo lake linajaa bakteria wema mapema. Mwaka 1973 Nurmi na Rantala wa Finland walionyesha kwamba vifaranga wachanga wakipewa yaliyomo kwenye utumbo wa kuku wakubwa wenye afya, Salmonella anakosa nafasi ya kukaa. Msijaribu nyumbani kuwapa vifaranga maji ya kinyesi, mtaingiza taifodi ya kuku na kideri. Nunua zilizotengenezwa, zenye Lactobacillus au Bacillus subtilis. Na usizitoe pamoja na antibayotiki, unawaua uliowanunua. Maji yenye klorini kali nayo hivyohivyo.

Asidi kwenye maji ni rahisi na inasaidia kupunguza E. coli na Salmonella. Fuata kipimo cha chupa, usiitie kwenye vyombo vya bati, vitalika. Siku ya chanjo ya maji usiweke.

Vimeng'enya inategemea chakula. Mahindi na soya tupu, zailanesi, inayosaga nyuzinyuzi, italeta tofauti ndogo. Ukijaza pumba za ngano na mashudu ya alizeti, zailanesi na faitesi, inayofungua fosforasi ya mimea, zinalipa.

Kuku_Biashara

Hilo la gole sijawahi kulisikia. Nitajaribu. Busta nitainunua na kuiweka kabatini kwanza, siku moja moja mtu anaogopa.

Mshauri_wa_Banda

Weka kabatini, ila pesa hiyohiyo ingekununulia methionini ya kuku wote 500.

Mzee_wa_Lupaso

Huyu kijana anasema hauzi kitu. Ngoja uzi ufike ukurasa wa tatu utaona namba ya simu na "probayotiki zinapatikana".

Mshauri_wa_Banda

Hahaha, mzee wangu shikamoo. Namba haitakuja.

Mfugaji_Bagamoyo

Swali moja la mwisho mkuu. Nimekuta probayotiki duka la pembejeo, mfuko uko dirishani juani. Muuzaji anasema haina shida kwa sababu ni unga. Nyingine ipo haijaandikwa bakteria gani, imeandikwa "bakteria wazuri wa asili". Ipi nichukue?

Mshauri_wa_Banda

Hiyo isiyo na jina iache hapohapo. Probayotiki ya kweli inaandika jina la bakteria, idadi yao kwa kila gramu na tarehe ya mwisho. Ile ya dirishani inategemea aliyemo. Bacillus subtilis anajifunga kwenye mbegu ngumu, anavumilia joto, hata mashine ya kutengeneza chakula cha punje anaipita. Lactobacillus na hamira hawavumilii, jua la Bagamoyo limeshawamaliza. Soma jina, kama ni Bacillus mwambie muuzaji akutolee mfuko wa ndani ya stoo, wenye tarehe ya karibuni. Kama ni Lactobacillus, uliza kama wana friji, na kama hawana nenda duka jingine.